Ufunguo Uliokwenda Korogwe

Jumatatu, 3 Machi 1975

Tumeamriwa kuandika shajara. Mwalimu wetu, Bwana Habakuki, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuja kutoka Dar es Salaam na mkoba wa ngozi, amegawa madaftari na kusema kila mmoja aandike siku zake za mafunzo hapa Korogwe mpaka mwisho wa Mei. Anasema mtu asiyeweza kutunza habari zake mwenyewe asitegemewe kutunza za wananchi. Mimi nina miaka arobaini na tisa, na ishirini na mmoja kati ya hiyo nimeimaliza kwenye masjala ya ofisi yetu Handeni, chumba cha mafaili kisicho na dirisha la maana. Leo nimekuwa mwanafunzi. Haya, naandika.

Naitwa Laurenti, Msambaa niliyeteremka Handeni kwa ajili ya kazi na sikupanda tena mlimani. Kabla sijaingia kwenye basi leo alfajiri, msaidizi wangu Isihaka alinifuata stendi akaniuliza, "Mzee, na ufunguo wa kabati?" Nikamwambia ufunguo unakaa nilipo mimi. Nimeuvaa shingoni kwa kamba ya katani tangu mwaka hamsini na nne. Karani mkuu aliyenifundisha kazi alinikabidhi na kuniambia naweza kusahau viatu nyumbani, lakini ufunguo wa masjala haulali nyumba nyingine. Isihaka akabaki amesimama pale stendi anajikuna kichwa. Ni Mzigua wa Sindeni, mtu wa maneno mengi na mwandiko wa kuku.

Kitanda nilichopewa ni kifupi. Miguu inaning'inia nje.

Jumanne, 4 Machi

Makande mchana, makande jioni. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kijana ametufundisha kwamba kumbukumbu iliyopo mahali pamoja tu haijatunzwa, imebahatika tu. Alitaka mambo matatu. Kwanza, kila kumbukumbu muhimu iwe na nakala ya akiba. Pili, nakala hiyo ikae chini ya paa jingine, ili moto au maji yakiingia huku, kule kupone. Tatu, na hapo ndipo aliponikera, mtu mwingine asiye wewe aweze kuipata siku ambayo wewe hupo.

Akazunguka darasani akituuliza, mmoja mmoja, ni kitu gani ofisini kwetu kimeandikwa mara moja tu. Zamu yangu ilipofika nikasema Daftari la Magari. Mwaka jana, mwezi wa kumi, wakati wa Operesheni, watu wa vitongoji walipohamishwa kwa malori kwenda vijiji vipya, kila gari liliandikwa: limetoka wapi, limebeba nani, limewashusha wapi. Isihaka aliandika rasimu kwenye madaftari ya shule akiwa amesimama pembeni ya malori, mimi nikanakili kwa mwandiko safi kwenye daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Kaya mia nne na kumi na mbili. Sioni haya kusema kwamba ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya.

"Na zile rasimu ziko wapi, Ndugu Laurenti?" akauliza.

"Niliagiza zichomwe. Madaftari mawili ya jambo moja ni ugomvi."

"Hamkuwa na kaboni mkapata nakala?"

"Ipo boksi nzima. Sijaifungua. Naitunza, akiba haiozi."

"Na ufunguo wa kabati anao nani sasa hivi?"

Nikautoa shatini nikamwonyesha. Darasa zima likacheka, na Ernesti, karani wa misitu tunayelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akakohoa. Sikuona cha kuchekesha.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Kubwa.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nilitoka darasani nikamkuta mwanamke amekaa kwenye ngazi, amejifunika khanga, mwembamba, mabega yametokeza. Akasimama. "Shikamoo mzee. Wewe ndiye Karani wa Handeni?" Nikaitikia, nikamwambia ndimi.

Jina lake Mwaija. Mwaka jana mwezi wa sita alilazwa hospitali hapa Korogwe kwa ugonjwa wa kifua, akakaa wodini miezi saba. Alimwacha mama yake, Bi Mwantumu, ambaye macho yameshaziba, na binti yake Fatu, sasa ana miaka saba, huko kwao Kwamgoza. Alipotoka Januari akapanda gari mpaka karibu, akatembea kilichobaki, akakuta Kwamgoza hakuna mtu. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Alikuta kinu cha mama yake kimelala uani na mafiga matatu, basi. Amekwenda vijiji vipya viwili kwa miguu akiuliza, hawapo. Watu wakamwambia orodha iko ofisini Handeni. Akaenda ofisini. Isihaka akamwambia orodha ipo kabatini, kabati limefungwa, ufunguo umekwenda Korogwe.

"Basi nikaufuata ufunguo," akasema.

Nilimuuliza walihamishwa tarehe gani, gari gani. Hajui, angejuaje. Nikajaribu kukumbuka mwenyewe. Kwamgoza ilitoka kwa siku mbili, malori matatu au manne, wengine walipelekwa magharibi na wengine huku Sindeni. Zaidi ya hapo kichwa kimenigomea. Nikamwambia asubiri Pasaka, nitapata mapumziko ya siku nne, nitakwenda Handeni kufungua kabati mwenyewe.

"Huwezi kumpelekea yule kijana ufunguo kwa dereva wa basi?"

Nikamweleza kwamba ufunguo wa serikali haupewi watu wa njiani, na yule kijana mwenyewe hawezi kuona kitu katika mpangilio wangu hata ukimwekea mbele ya pua. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sawa mzee. Pasaka."

Jumatatu, 17 Machi

Mwaija amepata kibarua jikoni hapa, anaosha masufuria na kugawa uji. Kila asubuhi akinipa uji anasema shikamoo mzee, halafu macho yanashuka kwenye kamba ya shingoni.

Alhamisi, 20 Machi

Siku mbaya. Tulipewa mafaili sitini kila mmoja tuyapange tutakavyo, kisha mwenzako aje atafute manne huku kijana ameshika saa. Kila faili dakika tano. Mimi nikapanga kwa njia yangu: kamba nyekundu ni ardhi, nyeupe ni watu, mafundo mawili ni shauri lililokwisha, na yaliyo ya haraka hukaa chini kushoto. Nikitafuta mwenyewe, sekunde.

Ernesti akaingia kwenye rafu yangu. Dakika ishirini zikaisha hajapata hata moja. Alikuwa anatokwa jasho, anafungua na kufunga, mwisho akakaa chini. Kijana akaandika sifuri, na sifuri ile haikuwa ya Ernesti, ilikuwa yangu.

"Ndugu Laurenti," akasema, bila ubaya wowote, "hii siyo masjala. Hiki ni kichwa chako na milango yake. Ukiugua malaria Jumatatu, wilaya nzima imeugua."

Nimekasirika mpaka sasa hivi ninapoandika. Nilianza kazi hii huyu bwana hajaanza hata shule.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Viatu havikauki. Nimepata barua ya mke wangu Filomena, mahindi yameota vizuri.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Asubuhi nilikwenda stendi. Wakasema barabara ya Sindeni imekatika, lori limezama mpaka kwenye ekseli na mabasi hayapiti. Nikarudi. Mwaija alikuwa getini na kifurushi chake kichwani, tayari kwa safari. Nikamwambia barabara imekatika. Akakishusha kile kifurushi, akakitazama kidogo, akarudi jikoni.

Nimelala tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Sijui uchovu huu unatoka wapi. Mwili umekuwa gunia la mchanga.

Jumatatu ya Pasaka, 31 Machi

Jana nilipanda basi kwenda Mombo kumwona dada yangu. Nimekula vizuri, ndizi na nyama. Nimerudi leo.

Jioni Mwaija aliniletea chai bila kuombwa. Akaweka kikombe, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Mzee, madereva wanasema njia ya kuzungukia Segera na Mkata inapitika. Tangu Alhamisi inapitika."

Nikasema sikujua. Ni kweli sikujua, maana sikuuliza. Pale stendi nilisikia barabara imekatika na moyo wangu ukashukuru, nikageuka haraka kabla mtu hajaniambia jingine. Nikiandika haya naona aibu, lakini kijana hasomi madaftari haya, alituahidi.

"Nitakwenda mwisho wa Aprili," nikamwambia.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee," akasema, akachukua kikombe cha juzi na kuondoka.

Alhamisi, 3 Aprili

Somo: unyevu. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Barua ya Isihaka imefika, imekaa njiani siku sita. Ninainakili, kama tulivyofundishwa:

"Mzee Laurenti, shikamoo. Hapa hatujambo ila bati la masjala limetoboka juu ya kabati kabisa. Tulijaribu kulisogeza kabati, tulikuwa wanne, halikusogea maana limejaa. Maji yanaingia kwa nyuma. Naomba utume ufunguo tutoe vitu, au uniruhusu nivunje kufuli. Nimeweka beseni juu lakini linajaa. Wako mtiifu, Isihaka."

Nimemjibu asivunje kitu. Afunike kwa turubai. Kabati lile ni la mninga, limestahimili masika ishirini.

Ernesti aliisoma barua juu ya bega langu. "Bwana wee," akasema, "unamwandikia mtu anayezama asilowanishe shati." Nikamwambia alale.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikulala vizuri. Mwaija anakohoa tena, si sana. Mpishi anasema anakula nusu ya chakula chake na nusu anaianika juani, anasema ni ya safari.

Jumanne, 15 Aprili

Dereva wa basi ameniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa kuku. "Mzee, mchwa wamepanda nyuma ya kabati. Wameingia ndani. Nasubiri amri yako."

Anasubiri amri yangu. Nimeisoma mara tatu. Mimi ndiye niliyemfundisha kusubiri amri, miaka sita nimemkaripia kila alipofanya jambo bila kuniuliza, na sasa amekaa mbele ya kabati anawasikiliza mchwa wakila, mikono ameikunja.

Nimekwenda kwa kijana kuomba ruhusa. Hakuniuliza maswali mengi. Akasema, "Nenda Ijumaa, mzee." Ni mara ya kwanza kuniita mzee.

Jumamosi, 19 Aprili. Handeni

Nitajaribu kuandika yote kwa mpangilio.

Tuliondoka jana, mimi na Mwaija, kwa njia ya Segera. Pale njia panda tulingoja gari la kwenda Mkata saa tano nzima chini ya mvua. Handeni tuliingia jua linazama. Mke wangu alimpa mahali pa kulala.

Leo saa moja asubuhi tulikuwa ofisini. Isihaka alikuwa ametangulia, amefagia. Nikatoa ufunguo. Kufuli lilikataa kwanza kwa kutu, kisha likakubali. Nilipovuta mlango, rafu ya kati ilikuja nao. Ilikuwa udongo. Mafaili yamesimama kwa nje kama yalivyo, lakini ukigusa unakuta tope na mchwa weupe. Daftari la Magari lilibaki na jalada gumu pande zote mbili, na katikati kurasa kama ishirini za mwanzo na chache za mwisho, zimegandamana. Za Kwamgoza zilikuwa katikati.

Nilitafuta boksi ya kaboni, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona kitu changu kimoja kimepona. Karatasi zote zimeshikana kwa joto la miaka, zimekuwa tofali moja jeusi. Wanasema akiba haiozi. Yangu nimeikuta hivyo.

Nikakaa chini, sakafuni. Mwaija alisimama mlangoni. Hajui kusoma lakini aliliona lile tope, na alielewa. Hakulia. Aliuliza tu, "Ndiyo hilo?"

"Ndilo," nikasema.

Nilitaka Isihaka aniseme. Nilingoja anikumbushe barua zake mbili. Hakunikumbusha. Alijikuna kichwa kwa muda, akasema, "Mzee, zile rasimu uliponiambia nichome, mimi nilimpa mke wangu Hamisa akawashie moto. Sikuona zikiwaka."

Tulikwenda kwake, karibu na soko. Hamisa alikuwa barazani na sinia la karanga za kukaanga, anafunga karanga kwenye vikaratasi vya pembe. Isihaka akamuuliza habari za yale madaftari. "Nichome karatasi, baba?" Hamisa akasema. "Karatasi inavyopatikana kwa shida hivi? Nafungia karanga tangu Krismasi." Mkononi alikuwa na kikaratasi, na mimi nikaona kwenye pembe ile mwandiko wa kuku.

Madaftari yalikuwa matano. Yamebaki mawili na nusu, hayo mengine watu wa Handeni wameshakula karanga zake na kuyatupa. Tukasoma mawili na nusu yote, mimi na Isihaka, tukipokezana kwa sauti ili Mwaija asikie majina. Kwamgoza hamna. Ndipo Mwaija akaonyesha sinia. "Na hizo je?"

Hamisa akaleta ungo bila kuulizwa mara mbili. Tukaanza kufungua vikaratasi kimoja kimoja, karanga kwenye ungo, karatasi tunainyoosha kwenye goti. Vilikuwa thelathini na kitu. Wateja wawili walikuja, Hamisa akawaambia leo hakuna. Kikaratasi kama cha ishirini, Isihaka akakisogeza kwenye mwanga. Kisha akasoma:

"Gari la tatu, tarehe 17. Kwamgoza. Mwantumu binti Mdoe, haoni, na mjukuu mmoja wa kike. Hawana mwanaume. Bibi amekaa mbele na dereva kwa sababu ya macho. Anaomba aachiwe kinu, nafasi hakuna. Anasema mwanawe yuko hospitali Korogwe, aambiwe. Kushuka: Kwedilima."

Mwaija akaichukua ile karatasi, ina mafuta ya karanga, akaiweka kifuani.

Sasa niandike lile linaloniuma kuliko mchwa. Daftari langu zuri lilikuwa na safu ya mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya alikuwa mwanaume. Mwanamke asiye na mume nilimwandika chini ya jirani. Bi Mwantumu na Fatu, nikikumbuka nilivyofanya, waliingia kwa Athuman wa Kwamgoza, "watu tisa". Jina lake sikuliandika. Kinu sikukiandika. "Aambiwe" sikuiandika, niliona ni porojo za Isihaka. Hata daftari lingekuwa zima, limekauka, bila mchwa hata mmoja, ningelifungua mbele ya mama huyu na kumwambia mama yako hayumo.

Kesho tunakwenda Kwedilima. Isihaka anasema naye atakuja, kwa sababu njia anaijua. Nimemwambia sawa.

Jumapili, 20 Aprili

Tulitembea tangu alfajiri mpaka saa sita. Kwedilima ni nyumba zilizopangwa mistari miwili na mahindi mabichi kati yake. Tulipelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, mzee Muhidini. Mwaija alijitaja jina, na mzee yule kabla ya kuitikia salamu akageuka na kuita kwa nguvu, "Fatu!"

Mtoto alitoka nyuma ya nyumba na kuni mkononi. Alisimama. Alimtazama mama yake kwanza miguuni, halafu juu. Kuni zikaanguka, akaja.

Nilimuuliza mzee Muhidini pembeni. Akasema Bi Mwantumu alikuwa na kawaida moja. Kila mgeni aliyeingia kijijini, yeye akisikia sauti ngeni tu, alimuuliza, "Mwanangu, umetoka hospitali?" Mvua zilipoanza akashikwa na homa. Amefariki Jumatano baada ya Pasaka. Wamemzika kule chini karibu na kijito, upande wa kulia wa njia.

Jumatano baada ya Pasaka, tarehe mbili Aprili. Ijumaa Kuu ningepita Segera, Jumamosi ningefungua kabati, Pasaka yenyewe tungekuwa hapa. Hata daftari langu lisingemtaja, Hamisa alikuwa na karanga zake pale pale sokoni. Bi Mwantumu alikuwa na siku tatu. Mimi nilikuwa Mombo nakula ndizi na nyama. Sikuweza kuyaweka moyoni, nikamwambia Mwaija yote haya, kaburini, bila kuficha ya Mombo.

Aliinama akang'oa majani machache juu ya kaburi. Fatu alikuwa ameshika pindo la khanga yake.

"Ulikuwa umechoka, mzee," akasema mwisho. "Na mimi nilikuwa nimechoka. Na yeye alikuwa amechoka." Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.

Kisha akasema, "Una karatasi?"

Nilikuwa nayo, daftari hili.

"Niandikie alipozikwa. Jina lake lote, siku, na upande wa njia, ili huyu mtoto akikua asije akatafuta. Andika mbili. Moja nikae nayo mimi, moja ikae kwenu."

Nikaandika mbili. Kurasa mbili zilizofuata hii zimechanwa kwa sababu hiyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimerudi Korogwe. Ufunguo nimemwachia Isihaka. Shingo naiona nyepesi na bado sijaizoea.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua zinapungua. Jaribio la mafaili tena. Safari hii nimepanga kwa herufi na kubandika kadi ya maelezo ubavuni mwa rafu. Ernesti amepata manne yote.

Ijumaa, 30 Mei

Mtihani umekwisha. Swali la mwisho lilisema tueleze kwa nini kumbukumbu inahitaji nakala ya akiba. Nimeandika habari ya kikaratasi cha karanga, na majina yote, kurasa nne. Kijana alisimama nyuma yangu akisoma mpaka muda ukaisha. Kisha akanisaidia kukusanya karatasi.

Jumatano, 11 Juni. Handeni

Tumeanza daftari jipya kutoka kwenye rasimu zilizobaki, na kila Jumatatu Isihaka anakwenda kijiji kimoja kuwauliza watu wenyewe. Tunaandika kila mtu kwa mstari wake. Mstari wa kwanza ni wa Mwantumu binti Mdoe. Nakala tunapiga kwa kaboni mpya, inakaa kwenye stoo ya mahakama, paa jingine. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kadi imeandikwa kila kitu kilipo.

Jumanne, 17 Juni

Homa siku ya tatu. Nimelala nyumbani.

Jioni Isihaka alikuja kunijulia hali. Akasema leo Mwaija alikuja ofisini kutoka Kwedilima. Ile karatasi yake ya kaburi ilinyeshewa, wino umetoka wote, akaomba nyingine. Isihaka akaipata nakala yetu kwa dakika nne, alitazama saa, akamnakilia.

"Kwa nini hamkuniita?" nikauliza.

"Hukuhitajika, mzee."

Nikavuta blanketi mpaka kifuani. Nikauliza kama Mwaija aliniulizia.

"Nilimwambia unaumwa," Isihaka akasema. "Akasema, basi mwambie apumzike."